Goti Lako Ndilo Linalochagua Tukutuku

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nanunua tukutuku, chombo cha magurudumu matatu ambacho wengine wanakiita bajaji, na nitaiendesha mwenyewe, mwanangu wa pili alicheka mpaka chai ikampalia. Nilikuwa na miaka 58 na maishani sijawahi kuendesha chochote, hata baiskeli. Nauza mukene, wale dagaa ambao wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanawaita omena. Nachukua Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria huku Uganda, nauza Busia sokoni, mpakani na Kenya. Faida yangu ilikuwa inaishia mikononi mwa wenye kubeba: leo bei hii, kesho mvua imenyesha, bei ile. Huu ni mwaka wa tatu najibebea, na wanawake wa rika langu hawaishi kuniuliza waanze na ipi.

Nianze na nilipokosea. Ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya mizigo, nyekundu, bodi pana, imeoshwa inang'aa. "Jajja," muuzaji akaniambia (ndivyo huku tunavyoitwa tukishapata wajukuu, hata na mtu anayetuuzia kitu kibovu), "ya magurudumu matatu haianguki. Hii hata mtoto anaendesha." Selfu, yaani ya kuwashia injini bila kupiga kiki kwa mguu, ilikuwa haifanyi kazi. Akasema ni waya tu. Haikuwa waya tu, na goti langu la kulia halijawahi kuwa zima tangu nilipoteleza kisimani miaka mingi iliyopita. Kila alfajiri pale ufukweni nilikuwa natafuta kijana wa kunipigia kiki, namwachia shilingi 500. Siku injini ilipozima katikati ya barabara, karibu na Lumino, nilikaa pembeni na magunia yangu karibu saa nzima nikingoja mwenye mguu. Baada ya miezi minne nikaiuza kwa hasara.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu chombo, unahusu mwili wako. Kabla hujauliza bei, jiulize nini kinakuuma. Kama ni magoti au vifundo vya miguu, jihadhari na tukutuku nyingi za mizigo zile za wazi, maana gia zake ni za mguu kama za pikipiki: mguu wa kushoto unakanyaga mbele kwa vidole, nyuma kwa kisigino, siku nzima. Zile za umbo la abiria, kama Bajaj RE, gia ziko mkono wa kushoto: unabana klachi, unazungusha mpini. Goti linapumzika. Lakini kama kinachouma ni kiganja au kifundo cha mkono, hesabu inageuka, kwa sababu mkono huohuo ndio unaobana na ndio unaozungusha. Mama mmoja tunayeuza naye alinunua ya gia za mkono kwa kuniiga mimi, na ikifika jioni vidole vyake vilikuwa havikunji hata tonge la posho, yaani ugali. Kosa lilikuwa langu, sikumuuliza.

Breki kubwa katika aina zote mbili ni ya mguu wa kulia, hilo halina pa kukimbilia. Kaa kwenye kiti chombo kikiwa kimesimama, ukanyage breki kwa nguvu zako zote, uhesabu hadi ishirini. Ukitetemeka kabla ya kumaliza, chombo hicho si chako, au breki zake zinahitaji fundi. Halafu usishuke. Kaa robo saa, hata muuzaji akikunja uso. Kiti kinachouma kiuno baada ya dakika 15 dukani, kitakuua baada ya saa moja barabarani.

Niliyo nayo sasa ina kibanda mbele, bodi nyuma, gia za mkono, na selfu ambayo niliijaribu mara kumi injini ikiwa baridi, siyo ile waliyokwisha kuipasha moto kabla sijafika. Kuhusu ukubwa wa injini sina maneno mengi. Nyingi za huku ziko kati ya cc 150 na 200, na kwa anayeanza hizo zinatosha na kubaki. Kama utabeba mizigo mizito kwa mwendo wa polepole, yenye rejeta ya maji haichemki upesi kama inayopozwa na upepo.

Sasa nirudi kwenye ile "haianguki", maana hapo ndipo wazee tunapodanganywa.

Ni nusu ya ukweli. Ikiwa imesimama, haianguki, na hiyo ni neema. Pikipiki ukiisimamisha kwenye foleni ya malori pale mpakani, miguu yako ndiyo inayoibeba. Lakini pikipiki ikifika kwenye kona inalala, tukutuku hailali. Inabaki wima, na mzigo unasukumwa upande wa nje. Kaa kwenye kigoda cha miguu mitatu kisha uegemee katikati ya miguu miwili, utaelewa bila kufundishwa. Mbele kuna gurudumu moja. Ukishika breki ndani ya kona, uzito unakimbilia mbele na pembeni, mahali ambapo kigoda hakina mguu.

Mimi nilielewa kwa kuogopa. Mukene wakavu ni wepesi, kwa hiyo mtu hupanga magunia mpaka yapite kichwa. Siku hiyo nilikuwa natoka kwenye lami naingia njia yetu, mkono wa kushoto, mwendo ambao niliuona mdogo. Injini ikanguruma ghafla kana kwamba gia imechomoka. Nikatazama kioo: gurudumu la nyuma la kushoto linazunguka hewani peke yake, upesi kama pangaboi. Difu, inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma, ndivyo ilivyo: nguvu yote hukimbilia gurudumu lisiloshika chini. Niliachia mafuta, nikanyoosha usukani, ikarudi chini kwa kishindo na gunia la juu likarukia mtaroni likapasuka. Kuku wa majirani walikula vizuri jioni ile. Tangu hapo breki nashika kabla ya kona, ndani ya kona sigusi, na magunia hayapiti usawa wa mabega yangu nikiwa nimekaa. Afadhali safari mbili.

Wale waliozoea pikipiki, tukutuku inawasumbua kuliko sisi wageni kabisa. Mwili wao unataka kuegemea ili ikate kona, nayo haisikii. Hii inageuzwa kwa mikono. Tena wanashusha mguu wakisimama. Usishushe mguu! Katika zile za wazi, gurudumu la nyuma limetokeza kuliko unapokaa, linakuja moja kwa moja juu ya unyayo wako. Mguu unabaki ndani mpaka uvute breki ya mkono.

Kingine ambacho hakuna muuzaji anayekitaja ni kwamba unaacha alama tatu barabarani. Gari likikuta shimo linalipitisha katikati ya magurudumu. Wewe katikati una gurudumu la mbele. Lami ya Busia hadi Majanji ni nzuri siku hizi, tatizo ni njia za vijijini: malori yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, nawe ukiweka ya nyuma mferejini, ya mbele inapanda tuta na usukani unapigana na mikono yako. Mimi nabana upande mmoja, gurudumu la mbele ndani ya mfereji, nakwenda nimeinama kidogo, polepole. Ukinunua, fanya jaribio kwenye njia utakayopita wewe, siyo kwenye uwanja wa duka.

Kama ni kuukuu, inama chini. Angalia chesisi pale shingo ya mbele inapoungana na mwili, ndipo panapopasuka, na rangi mpya mahali hapo tu ina sababu yake. Tairi la mbele likiwa limelika upande mmoja, huenda uma unaolishika gurudumu hilo umepinda. Usiende peke yako, chukua fundi wako, siyo fundi ambaye muuzaji ndiye anayempigia simu.

Kujifunza nilijifunza kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili, na pamiti ya kujifunzia mfukoni na herufi L nyekundu nyuma. Wiki ya kwanza ni kwenda mbele na kurudi nyuma tu, kati ya matofali. Sehemu ya nyuma ni pana kuliko usukani. Mimi niliangusha tofali moja baada ya jingine kwa sababu nilikuwa naongoza kwa gurudumu la mbele na kusahau ninachokokota. Shingo ya uzeeni haigeuki vizuri, kwa hiyo vioo viwili, vikubwa, ni lazima. Na usiku siendeshi. Macho yangu na taa za malori haviivi chungu kimoja.

Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu pikipiki ya magurudumu matatu ya Can-Am, ya Kanada: mawili mbele, moja nyuma. Nikaona mara moja kwamba walioiunda walifikiria breki. Akaniuliza kama ningeitaka. Nikamuuliza magunia yatakaa wapi.

Yule mama mwenye vidole ameiuza yake kwa mwanamume wa Masafu. Jumamosi iliyopita tulikwenda naye kwa fundi kukaa juu ya tukutuku ya gia za mguu. Alikaa robo saa nzima, amevua viatu, anakanyaga mbele na nyuma bila kusema neno. Selfu ilikuwa mbovu. Tumemwambia mwenye nayo aitengeneze kwanza, ndipo turudi.