Printa ya wino ya kujijazia mwenyewe: ipi inaifaa steshenari ndogo?

SWALI

Habari za kazi. Nina steshenari ndogo Mbagala Rangi Tatu, karibu na shule. Kwa siku naprinti kurasa kama 40: barua, wasifu wa waombaji kazi, mitihani ya majaribio, na mara mojamoja picha za pasipoti. Printa yangu ni Canon ndogo ya katriji 445 na 446. Wino unaisha kila baada ya siku chache, na katriji mpya zinanimaliza. Jirani ananiambia nijaze kwa bomba la sindano. Fundi ananiambia ninunue printa ya matangi. Ninunue ipi ambayo nitaijaza mwenyewe bila kumwita mtu? Na hii niliyonayo inajazika?
— Msomaji, Mbagala

JIBU

Dada, hii uliyonayo inajazika, lakini kwa kazi unayofanya msikilize fundi. Piga hesabu kwanza. Katriji nyeusi ya PG-445 ya kawaida ina mililita 8 za wino, na Canon wenyewe wanaihesabia kurasa 180. Ukiprinti kurasa 40 kwa siku, siku ya tano imeisha. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayomiminwa kwenye printa za matangi, ina mililita 65 na inahesabiwa kurasa 4,500. Ya Canon GI-490 ina mililita 135 na inahesabiwa kurasa 6,000. Ukifungua duka siku 26 kwa mwezi, chupa hiyo ya Epson ni ya miezi minne na ushee. Hesabu za kiwandani zinachukulia ukurasa mwepesi, wino ukifunika takriban asilimia 5 ya karatasi, na mtihani wenye michoro unakula zaidi ya hapo. Kwenye bajeti yako punguza angalau robo. Wino wa kwanza kabisa nao huwahi kuisha, kwa sababu sehemu yake inabaki ndani ikijaza mirija na hedi.

Kumimina wino kwenye tangi hakumshindi mtu. Kinachowarudisha watu kwa fundi ni mambo matatu ambayo muuzaji hayataji: hedi imekaaje, wino mchafu unakwenda wapi, na wino mweusi ni wa aina gani.

Hedi ndiyo yenye vitundu vinavyorusha wino kwenye karatasi. Epson za L (za matangi, zenye majina yanayoanza na L) hutumia hedi inayosukuma wino kwa kipande kinachojikunja kikipata umeme, bila joto. Inadumu sana, lakini imefungwa ndani ya mashine, na ikifa bei ya kuibadilisha inakufanya ufikirie kununua printa nyingine. Canon za G, nazo za matangi, hurusha wino kwa kuuchemsha kwa joto la ghafla. Hedi zake ni mbili, moja ya mweusi na moja ya rangi. Unazichomoa kwa mkono na kununua nyingine bila kufungua skrubu hata moja. Udhaifu wake ni kwamba wino huohuo ndio unaoipoza. Ukiiacha iprinti bila wino, vitundu vinaungua, na kilichoungua hakisafishiki.

Wino mchafu unatokana na usafishaji. Kila printa inaposafisha hedi, inavuta wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na programu ya ndani inahesabu. Hesabu ikifika kikomo, printa inagoma hata kama matangi yamejaa. Canon nyingi za G huonyesha E08 kukuonya, kisha P07 zikigoma kabisa. Epson ndogo huwasha taa ya wino na ya karatasi kwa kupokezana. Hapo ndipo utakapoambiwa “ina-risetiwa tu kwa laptopu”. Kuriseti kunafuta hesabu, hakukaushi sponji. Usipobadilisha au kuosha sponji, wino utafurika siku moja na kutiririka mezani, au mahali pabaya zaidi, kwenye pawasaplai. Mwambie fundi afanye vyote viwili mbele yako. Epson L6170 na L6190 zina kisanduku cha wino mchafu unachobadilisha mwenyewe, ila ni mashine za bei ya juu.

Jambo la tatu ndilo linalomgusa mteja wako moja kwa moja. Epson L3110, L3210 na L3250 hutumia wino wa dai kwa rangi zote nne, mweusi ukiwemo. Dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, kwa hiyo tone la mvua likidondokea barua, maandishi yanasambaa. Pigmenti ni chembe laini zinazokaa juu ya karatasi, na ikikauka inastahimili maji. Mtu anayetoka kwako masika na wasifu wake kwenye bahasha ya khaki, anagombania daladala mpaka Posta, anahitaji pigmenti. Wino mweusi wa Canon za G za ofisini ni pigmenti, na wa Epson L4160 pia.

Kwa hiyo kwa duka lako ningechukua Canon G yenye skana na fotokopi: G2411 ya waya, au G3411 kama wateja wanakutumia kazi kwa simu na unataka Wi-Fi. Zote mbili hutumia chupa za GI-490. Matoleo ya baadaye, G2420 na G3420, yanatumia GI-41. Usichanganye namba hizo. Epson L3250 ningeiweka mbele kama kazi zako nyingi zingekuwa za rangi, au kama wino wa GI ni wa kutafuta kwa tochi huko uliko. Picha za pasipoti za mara mojamoja zinatoka vizuri kwenye yoyote kati ya hizi, mradi uweke karatasi ya picha na uchague aina hiyo ya karatasi kwenye kompyuta kabla ya kuprinti. Ukisahau kuchagua, wino unamwagwa kama wa karatasi ya kawaida na picha inatoka na madoa.

Kabla ya kulipa Kariakoo, ulizia chupa ya namba hiyo kwenye maduka matatu, na moja liwe la huko Mbagala. Printa nzuri ambayo wino wake uko duka moja tu mjini itakusimamishia kazi siku wanafunzi wamepanga foleni. Angalia lebo ya nyuma kama volti zilizoandikwa zinafika 220–240. Za mitumba kutoka nje zinahitaji macho zaidi: Epson nyingi zenye jina la ET zilizouzwa Ulaya hutumia chupa za 102 au 104, wakati L3110, L3210 na L3250 za huku zinatumia 103. Printa iliyokaa kontena miezi kadhaa inaweza kuwa imekauka hedi, kwa hiyo usiilipie kabla hujaona karatasi ya jaribio la vitundu, rangi zote nne, mistari bila pengo. Na ukiona HP ya katriji ambayo jina lake linaishia na herufi “e”, iache. Ikishaunganishwa na mpango wa HP+ inadai intaneti na wino wa HP peke yake, na wewe unataka kujaza.

Kujaza kwenyewe ni hivi. Usisubiri tangi likauke. Jaza wino ukikaribia mstari wa chini. Weka printa mahali palipo sawa, tandika gazeti, fungua kifuniko cha tangi moja tu, soma rangi kwenye chupa na kwenye tangi, kisha mimina hadi mstari wa juu na ufunge kabla ya kugusa rangi nyingine. Hiyo ya tangi moja kwa wakati ndiyo kinga kubwa kuliko zote, kwa sababu wino wa njano ulioingia kwenye tangi la bluu hautoki kwa kusafisha; ni kunyonya tangi na kuosha mirija yote. Chupa iliyobaki nusu ifunge vizuri na uisimamishe kabatini, mbali na jua.

Wino usio wa kampuni unafanya kazi, na maduka mengi yanautumia. Sharti ni aina iwe ileile: pigmenti kwa tangi jeusi la Canon, dai kwa rangi zote za L3250. Pigmenti ya bei poa kwenye hedi ya dai inaziba. Ukipata wino unaokupa mistari safi, baki nao, na usimimine wa kampuni tatu kwenye tangi moja.

Tangi likishuka chini ya mstari, hewa inaingia kwenye mirija na maprinti yanatoka na mistari myeupe. Watu wengi hapo wanabonyeza usafishaji mara sita mfululizo, wanamaliza wino na kujaza sponji. Safisha mara moja, fanya jaribio la vitundu, rudia mara moja tena. Bado? Jaza matangi, izime, iache ikae angalau saa 12, mapovu yapande yenyewe, kisha jaribu. Usafishaji mkubwa wa kuvuta wino wote kwenye mirija uwe wa mwisho. Epson wanataka kila tangi liwe na angalau theluthi moja kabla ya kuufanya, la sivyo unavuta hewa zaidi. Ukilazimika kuipeleka kwa fundi, usiilaze kwenye bodaboda. Ibebe ikiwa imekaa wima na vifuniko vimefungwa, maana ikiinama wino unahama kutoka matangini.

Izime kwa kitufe chake, usichomoe kwenye soketi. Kitufe kinairudisha hedi kwenye maegesho yake na kuifunika isikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi. Printa hizi hazili hata wati 20 zikiprinti, hivyo UPS ndogo ya kompyuta (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) inatosha kuimalizia kazi na kuizima vizuri.

Sasa hiyo ya 445 na 446, maana utahitaji kuitumia mpaka upate hela ya nyingine. Nunua bomba la mililita 5 kwa kila rangi, wino mweusi wa pigmenti kwa 445 na wa dai kwa 446. Bandua lebo ya juu uone vitundu. Kikiwa chembamba kipanue kwa kuzungusha ncha ya sindano nene. Kwenye 446 usiamini mchoro wa mtu: chomeka kijiti cheupe cha meno kila tundu, kitoke na rangi yake, ndipo ujue njano iko wapi. Ingiza sindano hadi katikati ya sponji na usukume taratibu, mililita 6 kwa nyeusi, 2 kwa kila rangi. Wino ukichungulia juu ya tundu, acha na uvute nusu mililita kurudi. Rudisha lebo bila kuziba hewa, kwa sababu katriji isiyopumua haitoi wino. Igandamize chini kwenye tishu bila kuisugua. Nyeusi iache alama moja nzito, ya rangi iache mistari mitatu isiyochanganyikana. Iache saa nzima kabla ya kuirudisha.

Printa itaonyesha E13 au E16 ikidhani wino umeisha. Shikilia kitufe cha Stop kwa sekunde 5 au zaidi, itaendelea bila kupima tena wino. Kuanzia hapo kipimo ni wewe: kwa kurasa zako 40 kwa siku, jaza kila baada ya siku tatu, kabla maandishi hayajafifia. Mstari mweupe ukibaki palepale hata baada ya kujaza na kusafisha mara mbili, vitundu vya katriji hiyo huenda vimeungua au vimeziba kabisa. Usiitie wino tena.