Kitasa kidogo cha dirisha la kusukuma hakitoshi

Nyumba nyingi zinazojengwa Goma siku hizi zinawekwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Yanaingiza mwanga vizuri na nayapenda. Lakini kile kitasa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga, pale vioo viwili vinapokutana, kazi yake ni kuzuia kioo kisisukumwe kando. Kioo kikinyanyuliwa kwa nguvu kutoka nje, mara nyingi ndoano yake huachia.

Tazama fremu. Mfereji wa juu una kina kuliko wa chini, kwa sababu fundi hukipandisha kioo juu kwanza, kisha hukishusha kwenye reli. Mwizi hukitoa kwa njia ileile. Mtaani kwetu Himbi watu wameamka na kukuta kioo kizima kimeegemezwa ukutani na sebule haina kitu. Mwambie fundi afunge skrubu mbili au tatu ndani ya mfereji wa juu, vichwa vishuke hadi ibaki nafasi ya milimita chache tu juu ya fremu ya kioo. Kitateleza kama kawaida, ila hakitapanda.

Kuna kipande cha mti kinacholazwa kwenye reli, na wengi wanakiamini mno. Kinafaa kama kioo cha nje hakisogei. Madirisha yetu mengi yanasukumwa pande zote mbili: ukizuia kioo cha ndani, cha nje bado kinateleza. Kwa hiyo mimi nachagua pini ya chuma. Fundi atoboe pale fremu za vioo viwili zinapopandana, apite fremu ya ndani yote na kuingia ya nje bila kutokeza upande wa pili, mbali na kioo chenyewe. Tundu liiname kidogo kuelekea chini ili pini isichomoke dirisha likitikisika. Pini moja inazuia vioo vyote viwili. Ukitobolewa tundu la pili, utaweza kulala dirisha likiwa wazi kidogo tu, hewa ipite.

Mlango mkubwa wa sebule nauongezea kibano cha skrubu kinachouma ukingo wa reli. Weka kipande cha mpira katikati, maana aluminiamu nyembamba hupinda.

Usinunue chochote kinachofungwa kwa ufunguo upande wa ndani. Sisi tulioishi usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, na siku za matetemeko zilizofuata, tunajua kutoka nyumbani gizani watoto wakiwa mkononi. Pini huchomolewa kwa vidole. Mfundishe kila mtoto anayeifikia.

Kuhusu upepo wa ziwa na lile vumbi jeusi la mawe ya volkano, kufuli haisaidii. Kioo kinachogonga usiku mara nyingi kimeshuka kwa sababu magurudumu yamelika au yamejaa mchanga. Chini ya fremu, pembeni, kuna skrubu ya kukipandisha. Izungushe taratibu mpaka kioo kisimame wima na kitasa kiingie bila kulazimishwa. Brashi za pembeni zikichakaa, zibadilishwe. Reli isipakwe grisi, itanasa vumbi lote la barabara. Ifagie, kisha paka nta ya mshumaa. Na vile vitundu vya chini ni vya kutolea maji ya mvua, usivizibe.

Nyumba iliyozibwa vizuri isiingizwe mbabula yenye makaa, hata kwa dakika chache usiku wa baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Kabla hujamlipa fundi, funga kila kitu, toka nje naye, umwombe akinyanyue kioo mbele yako kwa mikono miwili. Kisha mwambie akisukume, kwanza kushoto, halafu kulia. Kikisogea, kazi haijaisha.