Mavuno katika Picha za Grandma Moses: Majibu kwa Wasomaji

Je, ni kweli kwamba mchoraji huyu alianza kuchora uzeeni?

Ni kweli. Anna Mary Robertson Moses, aliyejulikana kama Grandma Moses (Bibi Moses), mke wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York, Marekani, alikuwa amekaribia miaka themanini alipoanza kuchora kwa dhati, baada ya baridi yabisi kumzuia kutarizi. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika mwaka 1940.

Mbona katika picha zake za mavuno watu huonekana kuliko mazao?

Kwa sababu kilichomvutia ni kazi yenyewe na wanaoifanya. Mfano mzuri ni "Apple Butter Making" (kutengeneza rojo nzito ya matofaa) ya mwaka 1947, iliyotokana na kumbukumbu za miaka aliyoishi Virginia. Huko, kama alivyosimulia mwenyewe, maji ya matofaa yalichemshwa nje katika sufuria kubwa ya shaba, vipande vya matofaa vikaongezwa kidogo kidogo, na wanawake wakakoroga hadi jioni, ndipo vijana walipowapokea, mvulana na msichana wakishika mpini mmoja, na kazi ikageuka kuwa sherehe ya usiku kucha. Uchoraji wake ulianzia juu, kwenye anga, ukashuka milimani, kwenye nyumba na mifugo, na watu wakaja mwisho. Nadhani ndiyo maana, hata wakiwa wadogo, hawafunikwi na mandhari.

Kwa nini hatuoni trekta hata moja?

Aliyaacha, pamoja na nguzo za simu, kwa kuwa alichora shamba la ujana wake. Wapo wanaomlaumu kwamba aliyapamba maisha ya kijijini, na lawama hiyo ina ukweli, ingawa mama aliyezaa watoto kumi na kuzika watano wangali wachanga aliyajua vizuri machungu ya maisha hayo. Hakutaka tu kuyatundika ukutani.

Picha ya bata mzinga ya mwaka 1943 ina theluji. Bado tuihesabu miongoni mwa picha za mavuno?

Naam. Sikukuu ya Kutoa Shukrani ya Marekani, ambayo bata mzinga ndiye mlo wake mkuu na ambayo huhusishwa na mavuno, huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, wakati ambapo theluji si ajabu kaskazini mwa New York. Isitoshe, weupe huo ndio unaowafanya ndege wale weusi waonekane vizuri wanapokimbizwa.