Maswali ya Wasomaji: Macho ya Dereva

SWALI: Nina leseni kwa miezi mitatu sasa. Kila ninapoendesha, ndugu yangu aliyekaa kando huniambia "angalia yule mtoto" kabla mimi sijamwona, ilhali macho yangu yamepimwa na ni mazima. Yeye anaona nini nisichokiona mimi?

JIBU: Huenda macho yenu ni sawa kabisa. Tofauti iko mahali mnapoyapeleka. Eneo ambalo jicho huliona kwa ukali ni dogo, takriban upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwa hiyo macho hurukaruka, kama mara tatu kwa sekunde, na wakati wa kila mruko hayanasi picha safi. Kitu kikibadilika katikati ya mruko, au unapopepesa, hakuna kinachokushtua.

Mwaka 1997 watafiti Rensink, O'Regan na Clark walipima jambo hili. Walionyesha picha kwa milisekunde 240, wakaweka kiwambo kitupu kwa milisekunde 80, kisha wakaleta picha ileile yenye badiliko moja, na kuendelea kuzibadilisha hivyo. Hata mabadiliko makubwa yalichukua muda kugunduliwa, ila kitu chenye uzito katika picha kiligunduliwa mapema kuliko kilichokuwapo tu. Hapo ndipo uzoefu unapoingia, kwa kuwa barabarani mzoefu anajua kipi kina uzito. Mpira ukivuka njia, yeye tayari anamtafuta mtoto.

Dereva mgeni, kwa upande wake, huelekea kutazama karibu na boneti na kuvisahau vioo. Mourant na Rockwell waliliandika hilo mwaka 1972. Mwaka 1998 Crundall na Underwood wakaongeza jambo ambalo sisi tunaliona muhimu zaidi: barabara ikiwa na mengi, wazoefu hutanua mtazamo wao kushoto na kulia, wageni hubaki na mtazamo uleule. Si uvivu. Akili ya mgeni bado inashughulika na klachi, gia na kukaa katikati ya njia yake.

Anza basi na umbali. Tazama mahali utakapofika baada ya sekunde 12. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, hapo ni meta 200 mbele. Rudisha macho karibu, gusa kioo kimoja kwa macho, kisha rudi mbali. Kioo kimojawapo kila sekunde tano hadi nane kinatosha, na usikikodolee, maana kwa mwendo huo kila sekunde unapita karibu meta 17.

Zoezi la pili lifanye ukiwa abiria kwanza, dakika 10 tu: taja kwa sauti kila kinachoweza kubadilika. "Gari limeegeshwa, kuna mtu ndani, mlango unaweza kufunguka." "Basi limesimama, atatokea mtu mbele yake." Wengi hukosea kwa kutaja kila kitu, hadi mabango na miti, na hilo halifundishi lolote. Ukishika usukani mwenyewe, taja kwa maneno mawili matatu. Ukiona mdomo unachelewa nyuma ya macho, nyamaza uendeshe.

SWALI: Nimeendesha miaka 20. Juzi nilichomoka kwenye makutano nusura nimgonge mwenye pikipiki. Nilitazama pande zote mbili, naapa. Alitoka wapi?

JIBU: Alikuwapo. Uzoefu hukufundisha pa kutazama, lakini pia hukuzoesha cha kutarajia. Kwenye makutano unayoyajua, jicho hutafuta umbo la gari, na likilikosa ubongo husema "pako wazi". Mtazamo wa mzoefu nao ni wa muda mfupi. Unatosha kwa lori, hautoshi kwa pikipiki inayokuja moja kwa moja, kwani kwa mbali umbo lake halionekani kukua hadi iwe karibu mno.

Kuna pia nguzo ya kioo cha mbele, ambayo inaweza kuificha pikipiki nzima. Nyinyi wawili mkikaribia makutano kwa mwendo unaolingana, inaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyo muda wote. Usizungushe macho peke yake: sogeza kichwa na kifua mbele, kisha nyuma. Tazama upande mmoja, wa pili, halafu rudia wa kwanza, na kila mara acha macho yatulie sehemu mbili tatu za barabara badala ya kuyapitisha kama ufagio. Jiulize "pikipiki iko wapi?", si "pako wazi?". Swali la kwanza hulipatia jicho kitu cha kutafuta.

SWALI: Je, simu ya spika, bila kuishika mkononi, ina shida?

JIBU: Ndiyo. Mwaka 2003 Strayer, Drews na Johnston walipima madereva waliokuwa wakizungumza kwa simu isiyoshikwa mkononi, na hata vitu ambavyo macho yao yalitua juu yake hawakuvikumbuka vizuri. Abiria aliye kando angalau huiona barabara, naye hunyamaza mambo yakibana. Aliye kwenye simu haioni, ataendelea kuongea tu.