Umwambie mwajiri mpya, lakini baada ya kusaini

Dada, kwa kuwa una ujauzito wa wiki 14 na unaanza kazi hoteli ya Moshi mwezi ujao, ningekushauri usaini mkataba kwanza, kisha umweleze meneja mapema, kwa barua yenye nakala yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, hata kwa mwombaji wa kazi, kwa hiyo kunyamaza kwenye usaili si udanganyifu.

Tatizo liko kwenye hesabu ya miezi. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na taarifa hutolewa angalau miezi 3 kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari; ila sheria hiyohiyo haimpi haki ya likizo yenye malipo mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 kazini, na wewe utajifungua ukiwa na kama mitano tu. Kwa hiyo malipo hayo ni ya kuombwa kwa hisani, nawe yatakie maandishi, maana maneno ya mapokezi husahaulika mshahara ukifika. Zamu za usiku pia zitaje: miezi 2 kabla ya kujifungua hutakiwi kupangiwa.