Kifaru cha rimoti: pesa ya kwanza iende chini, rangi isubiri

Mtu akipata kifaru chake cha kwanza cha rimoti cha kipimo cha 1/16, yaani kilichopunguzwa mara 16 kutoka kifaru halisi cha vita, mkono humwasha apake rangi. Ikiisha rangi zinafuata taa, kisha spika kubwa, kisha moshi. Kifaru kinapendeza kwelikweli, lakini kikikata kona kwenye nyasi mnyororo unavuka, yaani unachomoka kwenye magurudumu. Ushauri wetu ni kuanza na giaboksi, magurudumu na minyororo. Na kila unapotaka kuweka kifaa kipya, uliza kwanza kinaongeza uzito kiasi gani na ni sehemu gani itakayoubeba.

Tiger I, kifaru cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili, ikiwa ya kipimo hicho ina urefu wa karibu sentimita 40 bila kuhesabu mzinga. Ikiwa ya plastiki tupu, giaboksi yake ya plastiki inaimudu vizuri sakafuni. Ivalishe minyororo ya chuma na hesabu inabadilika: umeongeza kilo moja hivi, na uzito huo haukai tu, unazungushwa. Pini na viungo vya chuma huanza kuyala meno ya gurudumu la meno la plastiki. Ukiweka gurudumu la meno la chuma, mzigo unahamia kwenye gia za ndani. Ukiweka gia za chuma, unahamia kwenye vinguzo vya plastiki ambavyo skrubu za giaboksi zimefungwa, navyo hupasuka bila wewe kuona. Kwa hiyo minyororo ya chuma inunuliwe pamoja na magurudumu ya meno ya chuma, magurudumu ya kukazia ya chuma na giaboksi ya chuma. Vinguzo navyo viongezewe nguvu kwa gundi ya epoksi na kipande cha bati la alumini chini yake. Kama fedha haitoshi kwa vyote, baki na minyororo ya plastiki. Minyororo mizuri ya plastiki inashinda ya chuma iliyofungwa juu ya giaboksi dhaifu.

Giaboksi mpya usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi. Fungua mfuniko, tazama kama kuna vumbi la chuma, futa, kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu kwenye meno tu. Ikizidi hurushwa ikafika kwenye brashi za mota. Gia za plastiki zipake grisi ya silikoni, kwa sababu baadhi ya grisi za petroli hulainisha plastiki. Halafu kagua nafasi kati ya gia ndogo ya mota na gia inayofuata. Legeza skrubu mbili za mota, pitisha ukanda mwembamba wa karatasi ya kuandikia katikati ya meno, sukuma mota ibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gia kwa kidole hadi karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana kama feni lakini haijakatika, umepata. Ikitoka vipande, mota imebana mno: itapiga mluzi, itapata joto na kunyonya betri. Ikitoka bila alama, meno hayashikani vya kutosha na yatakwanguliwa siku ya kwanza ya kupanda mlima.

Skrubu ya gurudumu la meno hulegea. Italegea tu. Weka tone la gundi ya kuzuia nyuzi za skrubu zisilegee, ile ya buluu ya nguvu ya kati, lakini pale chuma kinapokutana na chuma peke yake. Ikigusa plastiki huleta nyufa ndogo zinazojitokeza baadaye.

Sasa mnyororo kuvuka. Wengi hudhani dawa ni kukaza, wanakaza hadi mota zinalia. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi hupinda shafti na kula beringi, na bado utavuka. Tiger na T-34 hazina roli ndogo za juu, kwa hiyo mnyororo wa juu unatakiwa kulegea na kulala juu ya magurudumu. Sherman na Panzer IV zina roli hizo, na mlegeo kati ya roli na roli uwe mdogo. Bonyeza katikati kwa kidole: ushuke milimita chache na kurudi wenyewe. Minyororo mipya ya chuma hurefuka kidogo pini zinapokaa sawa, kwa hiyo baada ya kuendesha mara kadhaa kaza upya, na kama kikazio kimefika mwisho, toa kiungo kimoja kila upande.

Angalia pia mnyororo unavuka wakati gani, maana hilo linakuonyesha chanzo. Tiger, Panther na Sherman huvutwa na gurudumu la meno la mbele. T-34, Leopard 2 na Abrams huvutwa kwa nyuma. Gurudumu la mbele likivuta kwenda mbele, mnyororo wa juu ndio unaokazika. Ukirudi nyuma, mambo yanageuka na ulegevu wote unapanda juu. Ndiyo maana Panther huvua mnyororo hasa ikirudi nyuma huku ikikata kona. Ikivua hata ikienda mbele moja kwa moja, acha kugusa kikazio. Weka rula kando ya magurudumu uone kama gurudumu la meno, yale ya kukanyagia na la kukazia yako kwenye mstari mmoja. Tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu kila kitu, na huondolewa kwa washa nyembamba (pete bapa) nyuma ya gurudumu. Mafuta kwenye pini usiweke kama unaendesha nje, kwani mchanga ukinata hugeuka msasa. Tumia unga wa grafiti.

Kuna lawama nyingi zinazotupiwa saketi kuu, ile bodi ya umeme inayoongoza kifaru, bila haki. Kifaru kikizima na kuwaka tena kila kinapozunguka papo hapo, mara nyingi saketi ni nzima: mota zimevuta umeme mwingi kwa mpigo, volti imeshuka, saketi imejizima. Anza na betri na plagi. Plagi nyeupe za plastiki zinazokuja na vifaru vingi hulegea na kupata joto. Badilisha uweke XT60 au Deans. Unapolehemu upande wa betri, kata waya mmoja, ulehemu, uufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ndipo ushike wa pili. Ukikata zote mbili kwa pamoja, koleo lenyewe linaleta shoti.

Kama saketi yako inakubali betri ya lithiamu-polima, seli mbili zinatosha: volti 7.4, na 8.4 ikijaa. Seli tatu kwenye saketi iliyotengenezwa kwa volti 7.2 ni kuiunguza. Betri ya mAh 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, nje ya kifaru, na mtu awe karibu. Funga kengele ndogo ya volti ilie kwenye volti 3.5 kwa seli, na ukiiweka betri kwa wiki kadhaa iache kwenye 3.8. Betri pia ni uzito wa kupangia: giaboksi zikiwa mbele, isogeze nyuma.

Kwa wanaopenda kupigana, risasi za plastiki za milimita 6 zinahitaji miwani ya kinga kwa kila aliye karibu, si dereva tu. Miale ya infraredi ni salama zaidi na inafurahisha zaidi. Kwenye mfumo wa Tamiya, kampuni ya Kijapani ya vifaru hivi, kifaru kizito hufa kwa mapigo 9, cha kati 6, chepesi 3. Si kila saketi inaelewana na mfumo huo, na jua kali huvivuruga vipokezi vya miale, kwa hiyo chezeni kivulini.

Sasa ndiyo rangi. Osha bodi kwa maji na sabuni, paka rangi ya msingi, kisha fuata tarehe ya kifaru unachoigiza. Wajerumani walihama kutoka kijivu kilichokoza kwenda manjano iliyokoza Februari 1943. Ile lipu ya mistari iitwayo Zimmerit ilikuja baadaye mwaka huohuo na kusimamishwa Septemba 1944, kwa hiyo Tiger iliyopigana Tunisia kabla ya hapo haina Zimmerit hata kama inapendeza. Vifaa vidogo kama sepeto na shoka vishikize kwa waya wa milimita 0.5 uliopenya bodi; gundi peke yake haivumilii mtetemo.

Minyororo ya chuma ing'oe mafuta, uitie dawa ya kuifanya nyeusi, kisha sugua kwa msasa laini sehemu zinazogusa ardhi tu. Ikikauka, izungushe kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha. Kiungo kinachokataa kukunja kimegandishwa na rangi. Tone la spiriti kwenye pini na kukikunjakunja kwa vidole vitakifungua. Usiiachie mota kazi hiyo.