Dagaa wa pakiti: nikope au nisubiri?

SWALI: Nataka kuuza dagaa wa kukaanga kwenye pakiti za gramu 100, shilingi 1,500 kila moja. Kilo ya dagaa wakavu nanunua 8,000, kwa hiyo pakiti 10 zitanipa 15,000. Kila niliyemwonjesha amesifia. Je, nichukue milioni mbili za kikoba nianze?
Msomaji, Igombe, Mwanza

JIBU: Dada yetu, usikope bado. Umegawa kilo kabla hujaichambua. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, na ukitoa vichwa uzito unashuka tena. Pima kilo moja, chambua, kaanga, chuja mafuta, kisha pima upya. Tuseme zimebaki gramu 750: hizo ni pakiti 7, yaani 10,500. Sasa toa dagaa 8,000, mafuta 1,500, mkaa 500 na vifungashio 700. Jumla 10,700. Umeshapoteza 200, na bado hujalipa nauli wala mwenye duka hajaweka faida yake. Rudia hesabu hiyo kwa dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu, si chini. Bei yao iko juu, ila hawana mchanga, na huenda hapo ndipo wazo lako likapona.

Sifa za kuonja bure usizihesabu. Tengeneza pakiti 30, peleka maduka matatu, kwa mfano Kirumba, Buzuruga na Malimbe kwa wanafunzi. Usiache mzigo kwa mali kauli; mwenye duka alipe taslimu, hata akichukua tatu tu. Halafu usimpigie simu. Unachosubiri ni yeye kukutafuta aongezewe. Andika leo kwenye daftari: yasipoagiza tena maduka mawili ndani ya wiki nne, naacha. Ukiliacha hilo hadi mwisho, moyo utakutafutia visababu.

Tumesema wiki nne ili upitie siku za giza na za mbalamwezi pia. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na bei ya dagaa soko la Mwaloni inapanda. Faida inayopatikana siku za giza peke yake haitalipa marejesho ya kikoba.

Wakati huohuo weka pakiti nne kwenye rafu ya nyumbani, ufungue moja kila wiki. Mafuta ya dagaa huchacha yakipata hewa na mwanga, hasa kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Ukifunga wakiwa vuguvugu, mvuke unabaki humo, wanalainika na kuota ukungu. Harufu ikigeuka wiki ya tatu, andika muda wa matumizi wiki mbili, na uza Mwanza mjini tu.